Meli ya kazi moja au meli kiraka: uchukue ipi kwenye gemu za anga za juu?

Hela imetosha. Uko kwenye duka la meli kituoni, orodha imefunguka, na macho yanahama kati ya mbili. Ya kwanza imeundwa kubeba mizigo na hilo tu: tumbo kubwa, bunduki za kutishia nzi, kona inakata kwa shida. Ya pili inabeba kiasi, inapigana kiasi, inafika mbali kiasi, na bei hazijapishana sana. Ukiuliza wachezaji wenzako, kila mmoja atakusifia aliyonayo hangani.

Hapa ninazilinganisha njia hizo mbili kwa vigezo vilevile. Meli iliyoundwa kwa kazi moja nitaiita meli maalumu. Ile ya kazi zote nitaiita kiraka, kama yule mchezaji anayepangwa beki Jumamosi na kiungo Jumatano. Mifano mingi inatoka Elite Dangerous na EVE Online kwa sababu huko tofauti hizi zinaonekana kwa namba, ila nitapita pia No Man's Sky, X4: Foundations na Star Citizen.

## Vigezo kwanza

Nimetumia sita. Pato: kazi inakwenda haraka kiasi gani na inaingiza nini kwa saa. Gharama: bei ya meli, vifaa vyake, na unacholipa ikilipuka. Kubadili kazi: inakuchukua muda na fedha kiasi gani kutoka uchimbaji leo hadi vita kesho. Kunusurika. Kujifunza. Na wenzako, yaani unacheza peke yako au na kikundi.

Havina uzito sawa. Kwa maoni yangu, kigezo cha tatu ndicho kinachomaliza ubishi mwingi, na watu hukiruka kwa sababu hakiandikwi kwenye ukurasa wa sifa za meli. Pale kubadili meli kunapochukua sekunde chache, ushauri unageuka kabisa ukilinganisha na pale meli yako ya pili ilipo umbali wa saa nzima ya kuruka.

## Pato

Meli maalumu ikiwa kazini kwake ni ngumu kuipiku. Kwenye Elite Dangerous, Cobra MkIII, kiraka cha bei ya chini, hata ukiivua ngao na kujaza stoo kila nafasi, inaishia tani 60 hivi. Type-6, meli ya mizigo inayouzwa takribani krediti milioni 1, inapita tani 100. Ukipanda daraja pengo linakua: Python, kiraka kikubwa zaidi, inapakia chini ya tani 300, Type-9, ya mizigo, inapita 700. Anayezungusha bidhaa ileile kati ya vituo viwili anafanya safari moja pale ambapo mwenye kiraka anafanya mbili na ushee.

EVE Online, iliyotoka mwaka 2003, imelipeleka jambo hili mbali zaidi. Meli nyingi humpa rubani nyongeza ya asilimia fulani kwa kila ngazi ya ujuzi aliyofikia, na nyongeza hiyo imefungwa kwenye kazi: aina hii ya bunduki, kurekebisha wenzako, uchimbaji. Unaweza kuifunga meli ya kivita leza ya kuchimbia, na itachimba. Lakini Venture, meli ndogo ya uchimbaji ambayo mgeni huipata bure kwenye misheni za mafunzo, itaiacha mbali. Kwa EVE, kiraka hakina pa kujificha kwenye suala la pato.

No Man's Sky ni kinyume. Meli za kivita zina nyongeza ya nguvu za silaha, za mizigo zina nyongeza ya ngao, za ugunduzi zinaruka mbali zaidi, na zipo za wastani zisizoegemea upande. Juu ya hapo kuna madaraja C, B, A na S, S ikiwa ya juu kabisa. Ukiwa na meli ya daraja S iliyofungwa vizuri, ya aina yoyote ile, utafanya karibu kila kitu bila kusikia maumivu.

Sasa kuhusu kiraka, kuna jambo ambalo maelezo ya dukani hayakwambii. Chukua Python, halafu uifunge kwa ajili ya uchimbaji. Unahitaji kisafishio cha madini. Unahitaji kidhibiti cha droni za kupima mwamba, na kingine cha droni za kukusanya vipande vinavyoelea. Unahitaji leza za kuchimbia, na hizo zinakalia sehemu ambazo zingekuwa za bunduki. Ngao huwezi kuacha, maana mikanda ya madini ina maharamia wanaokuja kukagua stoo yako. Droni zenyewe kila moja inakula tani moja ya nafasi, kwa hiyo unaondoka kituoni stoo ikiwa imejaa nusu kabla hujachimba hata kokoto. Ukimaliza kufunga hayo yote, ulichonacho ni meli ya uchimbaji. Haipigani tena vizuri, na biashara ya mizigo haiiwezi kama jana.

Ndiyo kusema ukiraka wa meli nyingi uko kwenye karakana. Ikishatoka gatini, meli ina kazi moja, au ina kazi tatu zilizogawana nafasi. Hiyo ya pili, ya kuweka leza moja, bunduki mbili na stoo kidogo, ndiyo wanayoanza nayo wengi, na hapo ndipo mshika mbili moja humponyoka. Kwa hiyo unapolinganisha, linganisha vitu vitatu: meli maalumu, kiraka kilichofungwa kwa kazi moja, na kiraka cha mchanganyiko. Cha katikati hukaribia meli maalumu kuliko watu wanavyodhani. Cha tatu huwa nyuma kwa mbali, ila kina faida yake nitakayoieleza kwenye safari ndefu.

Nani anafaidika na pato la meli maalumu? Mwenye lengo la fedha na uvumilivu wa kurudia kazi ileile. Anayeingia kwenye gemu saa moja jioni na kuchukua misheni yoyote anayoikuta ubaoni hatauona ubora huo, kwa sababu nusu ya misheni hizo meli yake haiziwezi.

## Gharama

Bei ya ganda, yaani meli kabla hujaifunga vifaa vyako, ni mwanzo tu. Vulture, meli ndogo ya kivita kwenye Elite Dangerous yenye sehemu mbili za bunduki kubwa, inauzwa chini ya krediti milioni 5. Ukiifunga vifaa vya daraja la juu unaweza kumaliza zaidi ya mara mbili ya hiyo, na bado utahangaika na umeme kwa sababu jenereta yake ni dhaifu: washa hiki, zima kile. Ikilipuka, bima inataka asilimia 5 ya thamani ya meli pamoja na vifaa. Huna asilimia hiyo, umepoteza meli.

Tufanye hesabu kidogo, maana watu wengi huamini kwamba kiraka ni njia ya kubana matumizi. Type-6 kwa mizigo, takribani milioni 1. Diamondback Explorer kwa safari za mbali, chini kidogo ya milioni 2. Vulture kwa vita, karibu milioni 5. Jumla ya maganda matatu ni kama milioni 8. Python peke yake ni takribani milioni 57. Kwa bei ya kiraka hicho unapata kikosi kizima na chenji ya kufunga vifaa vizuri na kuweka akiba ya bima.

Mtetezi wa kiraka atasema nimechagua mfano kwa hila, kwani Python ni ya daraja kubwa kuliko hizo tatu, na atakuwa na haki. Cobra MkIII inauzwa takribani krediti 350,000, bei ambayo hainunui hata moja kati ya hizo tatu, na mgeni mwenye mfuko mwepesi hatapata mahali pengine meli inayopigana, kubeba na kukimbia kwa fedha hiyo. Kwa hiyo mwanzoni kiraka ndicho nafuu. Katikati ya safari, vikosi vidogo vya meli maalumu huwa nafuu. Juu kabisa bei za pande zote mbili ni za kutisha na suala linageuka kuwa la ladha.

EVE ina gharama ya aina nyingine: muda. Ujuzi hujifunzwa kwa saa za dunia halisi, hata ukiwa umezima kompyuta na kulala. Wiki ulizowekeza kwenye uchimbaji hazikusaidii siku unayotaka kurusha makombora. Hapo kiraka kina mvuto wake. Gnosis, iliyotolewa mwaka 2013 gemu ilipotimiza miaka kumi, haidai ujuzi mrefu wa kuiendesha na inakubali karibu silaha yoyote unayoijua. Bingwa wa kitu chochote hautakuwa, lakini utakuwa na meli ya maana mapema.

Star Citizen nayo ina mtego wa pekee, kwa kuwa meli nyingi huuzwa kwa fedha halisi. Meli maalumu ya fedha halisi kwa kazi ambayo hujawahi kuijaribu ni manunuzi ya kujuta. Ndani ya gemu unaweza kukodi meli kwa fedha za humo humo, au kununua kwa fedha hizo ukishazipata. Kodi kwanza.

## Kubadili kazi

Hapa ndipo gemu zinapotofautiana sana.

No Man's Sky inakuruhusu kuwa na meli kadhaa na kuiita unayotaka ikakutua miguuni. Ukitaka vita unaita ya vita, ukimaliza unaita nyingine. Kwa utaratibu huo kiraka kinapoteza sababu yake kubwa ya kuwepo. Kusanya meli maalumu kwa raha zako, na ukibaki na moja tu iwe ni kwa sababu unaipenda sura.

X4: Foundations, ya studio ya Egosoft kutoka Ujerumani, inalivunja swali lenyewe. Humo unaajiri manahodha, unawapa meli na amri, wao wanafanya kazi wewe ukiwa sehemu nyingine. Meli za uchimbaji zenyewe zimegawanyika: za madini magumu hazibebi gesi, na za gesi hazibebi miamba. Kiraka hakina kazi kubwa kwenye himaya ya namna hiyo, isipokuwa ile meli moja unayoipanda mwenyewe kuzungukia mali zako. Hiyo iwe ya kasi na iweze kujilinda.

Elite Dangerous iko katikati, na ndiyo inayochosha watu kichwa. Tangu 2016 unaweza kuagiza meli yako iletwe ulipo, lakini unalipia kulingana na umbali na thamani yake, na inachukua muda kufika. Ndani ya eneo lenye watu, umbali ni mfupi na usumbufu ni mdogo. Tatizo ni kwamba kiraka nacho hakijasalimika: ukitaka kukigeuza kutoka mizigo hadi vita unahitaji kituo kinachouza vifaa hivyo, au uwe ulivihifadhi hapo. Vikiwa vimetawanyika kwenye vituo vinne, nusu saa inakwisha unafukuzia ngao yako mwenyewe. Kwa hali hiyo mwenye meli tatu zilizofungwa tayari kwenye kituo kimoja anabadili kazi haraka kuliko mwenye kiraka kimoja: anabonyeza meli nyingine na kuondoka. Wachezaji wenye meli kubwa za kubebea kikosi, zilizoingia kwenye gemu mwaka 2020 kwa bei ya krediti bilioni 5, wamelimaliza kabisa hili, kwa kuwa karakana na meli zao zote husafiri pamoja nao. Wengi wetu hatuna bilioni 5.

Halafu kuna safari ndefu. Kutoka Jua hadi Colonia, makazi ya mbali ndani ya gemu hiyohiyo, ni takribani miaka nuru 22,000. Njiani hakuna wa kukuletea meli nyingine. Ulichobeba ndicho utakachotumia: kama utaona mwamba wenye madini adimu, una leza au huna, kama umetua vibaya na mwili umepasuka, una droni za kurekebisha au huna. Kwenye mazingira haya kile kiraka cha mchanganyiko, nilichokidharau hapo juu, ndicho kinachopata heshima yake. Kufanya kila jambo kwa wastani kuna thamani pale ambapo njia nyingine ni kutolifanya kabisa.

EVE ina ugumu wake. Meli iko pale ulipoiegesha, na ukiitaka unaifuata au unalipa mtu aisafirishe. Ukihamia eneo jipya na kikosi cha meli sita maalumu, kuhama kwenyewe ni mradi. Ndiyo maana wanaoishi safarini, kwenye mifumo ya nyota inayofikiwa kwa mashimo ya anga (wormholes) kwa mfano, huthamini sana zile kruza (meli za ukubwa wa kati) za mkakati zilizoletwa mwaka 2009, Tengu na ndugu zake Legion, Loki na Proteus, ambazo sehemu zake kuu hubadilishwa na tabia ya meli ikabadilika nazo. Ukiwa na kibanda kidogo cha kuhamishika ulichokibeba stooni, unakisimamisha angani, unabadili vifaa, unaendelea na safari. Ni kiraka kinachotembea na karakana yake, ingawa kinagharimu fedha nyingi na ujuzi wa muda mrefu, na ukikipoteza kinauma.

Na ukitaka kujua mazoea ya kupenda kiraka yalianzia wapi, mwaka 1984 David Braben na Ian Bell walipotoa Elite kwa kompyuta ya BBC Micro, mchezaji alianza na krediti 100 na meli moja, Cobra Mk III, na ndiyo aliyobaki nayo. Stoo ilikuwa tani 20, ikipanuliwa 35. Biashara, vita, kila kitu kilifanywa na meli hiyohiyo. Hakukuwa na duka la meli, kwa hiyo hakukuwa na swali.

## Kunusurika

Meli maalumu ya vita inajilinda, hilo halihitaji aya. Tatizo ni za mizigo na uchimbaji. Type-9 ikivutwa na haramia haikwepi. Inageuka polepole mno, na rubani wake anategemea ngao nene na kuwahi kuruka mfumo mwingine. Kwenye EVE, hata maeneo yenye ulinzi si salama kwa mwenye shehena ya thamani: polisi wa humo, CONCORD, huwaadhibu washambuliaji, ila wanaweza kufika ukiwa umeshalipuka. Washambuliaji wanalijua hilo na huhesabu kama shehena yako inalipia meli watakazopoteza.

Kiraka kina nafasi ya kati hapa: ngao za kuridhisha, bunduki za kumfanya haramia mdogo afikirie, na mara nyingi mwendo. Cobra inasifika kwa kasi, na kukimbia ni ulinzi mzuri. Lakini usikitegemee dhidi ya meli maalumu ya vita. Fer-de-Lance, yenye sehemu moja ya bunduki ya ukubwa wa juu kabisa na nne za kati, ikikubana kwa bahati mbaya, kiraka chako cha mchanganyiko kinanunua muda tu.

Umaalumu wenyewe unaweza pia kuwa wa kunusurika. EVE ina majahazi matatu ya uchimbaji ya ngazi ya kwanza: Covetor inachimba haraka zaidi, Retriever ina stoo kubwa zaidi ya madini, Procurer ina mwili mgumu zaidi. Zote ni maalumu kwa kazi ileile, na bado unachagua. Anayechimba akiwa macho na wenzake wanamlinda atachukua Covetor. Anayechimba huku akifanya mambo mengine Retriever inamfaa, kwa kuwa haimsumbui kupakua kila mara. Anayechimba mahali penye watu wabaya, Procurer.

Kingine ni mahali pa kutua, ambapo naweka hapa kwa sababu meli isiyo na pa kutua iko hatarini. Vituo vidogo vya Elite Dangerous havina gati kubwa, kwa hiyo Type-9 hairuhusiwi. Python inatua. Kwa miaka mingi hiyo ilikuwa hoja nzito ya kiraka hicho kwa wafanyabiashara, hadi mwaka 2024 ilipoletwa Type-8, meli maalumu ya mizigo inayotua gati la kati na kubeba zaidi ya Python. Sasisho moja na hoja imepungua uzito. Angalia tarehe ya ushauri wowote unaousoma kuhusu meli.

## Kujifunza

Kwa mgeni, kiraka ni shule nzuri. Unaonja biashara, unaonja vita, unagundua kwamba uchimbaji unakutuliza au unakutia usingizi, bila kununua meli kwa kila jaribio. Udhaifu wake ni kwamba unaweza kukaa hapo mwaka mzima ukidhani vita ni vigumu, kumbe meli yako ndiyo haikuandaliwa.

Meli maalumu inafundisha kwa kina. Ukiendesha meli ya vita wiki mbili mfululizo unajifunza kusimamia umeme kati ya ngao, injini na silaha, kwa sababu usipofanya hivyo unakufa. Inachosha upesi zaidi, lakini.

## Wenzako

Ukicheza na kikundi, meli maalumu inapata thamani ambayo namba zake za pekee hazionyeshi. Guardian au Basilisk kwenye EVE, kruza za kurekebisha wenzao, ukiwa peke yako hazina maana yoyote. Ndani ya msafara ndizo adui anazotaka kuziua kwanza. Kikundi cha viraka vitano kitashinda mara chache dhidi ya kikundi cha watano waliogawana kazi.

Ila hesabu watu wanaoingia kweli kwenye gemu, acha walioahidi. Mole ya Star Citizen ina vituo vitatu vya leza za kuchimbia na inataka mikono ya kuviendesha. Ukiwa peke yako, Prospector, ambayo mtu mmoja anaimudu yote, itakuletea raha zaidi.

## Zilizo katikati

Mgawanyo huu haujanyooka. Anaconda ya Elite Dangerous inahesabiwa meli ya kazi zote, lakini kwa sababu ganda lake lina tani 400 tu, jepesi kwa ukubwa wake, kwa miaka mingi iliongoza kwa umbali wa kuruka na ikawa meli ya wagunduzi, ikizipita zilizoundwa kwa ugunduzi. Tatizo lake ni gati kubwa na bei ya takribani krediti milioni 147. Kwa hiyo jina la kundi dukani lisikuzuie kusoma namba: uzito wa ganda, idadi ya nafasi na ukubwa wake, umeme.

## Kwa hali yako

Umeanza juzi na hujui unapenda nini: kiraka cha bei ya chini. Kifunge kwa kazi moja kwa wiki, ubadilishe wiki inayofuata. Usichanganye vyote kwa pamoja. Kwenye EVE, fuata misheni za mafunzo na tumia meli ndogo maalumu wanazokupa. Hapo kiraka cha mapema hakikusaidii sana.

Unakusanya fedha kwa ajili ya kitu kikubwa: meli maalumu ya kazi inayolipa kwenye gemu yako sasa hivi. Ukitimiza lengo, iuze bila kuililia.

Una muda mfupi jioni na unachukua misheni yoyote inayojitokeza, basi kiraka kinakufaa, hasa kama gemu yako inafanya kubadili meli kuwa safari. Kama inakuruhusu kuita meli papo hapo, nunua mbili maalumu ndogo uone tofauti.

Unakwenda mbali na vituo kwa wiki nzima au zaidi: meli ya ugunduzi kama unachotaka ni umbali na data, maana nyepesi inaruka mbali na huko porini maharamia ni nadra. Kumbuka tu kwamba kwenye Elite Dangerous ukilipuka kabla ya kuuza data ya ugunduzi, imepotea. Kama unataka kutua, kuchimba na kuchunguza kila unachokutana nacho, chukua kiraka cha mchanganyiko na ukubali kuruka mara nyingi zaidi.

Una kikundi kinachokutana kweli: waulize wanakosa nini, ununue hicho. Kwa kawaida ni meli ya kurekebisha au ya kubeba, ambazo hakuna anayejitolea.

Tayari una kiraka kizuri na fedha zimeanza kubaki: usikiuze. Ongeza meli moja maalumu kwa kazi unayoifanya mara nyingi zaidi, uiegeshe kituo kimoja na kiraka chako, na uache fedha za bima angalau mara mbili kwa kila meli kabla hujafikiria ya tatu.